Herufi za NY kwenye kapelo ya marehemu baba

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza, nina miaka 27. Baba yangu alikuwa fundi muashi, alifariki mwaka jana. Katika vitu vyake nilichukua kapelo moja tu, ya bluu iliyokolea, mbele ina herufi N na Y zilizopandana. Aliivaa tangu niko shule ya msingi. Ina madoa ya saruji na chumvi ya jasho. Jirani ameniambia herufi zile ni alama ya chama cha siri, niichome. Baba mdogo naye anasema kapelo ni vazi la wahuni, mwanamume mzima havai. Naomba kujua ukweli. Imetoka wapi, herufi zile maana yake nini, na nitaifuaje bila kuiharibu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Jambo la kwanza: usiichome. Mengine tutazungumza taratibu.

Nimeanza kushika kapelo mwaka 1998, nikiuza mitumba Karume, Ilala. Leo nina vyerehani vinne na mashine ya kutarizi, nashona kofia za shule, za vikundi na za kampuni. Kabla sijajua kuzishona nilizifumua, mamia kwa mamia, ili nione zilivyoungwa ndani. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyeijua kofia hii kutoka upande wa bitana.

Tuanze na herufi, maana naona ndizo zilizokukosesha usingizi. N na Y ni New York, jina la jiji, basi. Mchoro wenyewe una historia ambayo jirani yako angeijua asingeuogopa. Mwaka 1877 kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ilichora N na Y zilizopandana kwa ajili ya nishani ya polisi wa New York. Aliyepewa nishani hiyo ni askari aliyeitwa John McDowell, ambaye alipigwa risasi akiwa kazini. Mwaka 1909 timu ya besiboli ya jiji hilo, iliyokuwa bado ikiitwa Highlanders, ikaweka herufi za namna hiyo kwenye sare na kofia zake. Baadaye timu ikaitwa Yankees, na kuanzia 1920 ikawa na mchezaji Babe Ruth, aliyeifanya ijulikane hata kwa watu wasioujua mchezo. Herufi zimebaki zile zile, zimenyooshwa kidogo tu hapa na pale. Basi alama anayoiogopa jirani yako ilianzia kwenye kifua cha askari aliyejeruhiwa, ikahamia kwenye paji la uso la wacheza mpira wa rungu, na mwisho ikatua kwenye kichwa cha muashi wa Mwanza. Hakuna chama cha siri popote katika safari hiyo.

Punje ya ukweli ipo, nami sitakuficha. Magenge ya mitaani huko Marekani yamewahi kutumia kofia za timu mbalimbali kama sare, kwa kufuata rangi au herufi ya kwanza ya jina la genge. Mwaka 2007 kampuni ya kofia ya New Era iliondoa sokoni aina kadhaa za kofia za Yankees baada ya wakazi wa New York kulalamika kwamba mapambo yake yalifanana na alama za magenge. Hizo zilikuwa zimeongezwa vitambaa vya kuchora na mataji. Ya baba yako, bluu tupu na herufi nyeupe, ndiyo kofia ya timu yenyewe, na kule huvaliwa na hakimu, mtoto wa chekechea na bibi anayekwenda sokoni.

Sasa ilikotoka. Mchezo wa besiboli hutazama juu. Mpira hupigwa kwa rungu ukapaa, na mchezaji anayeusubiri lazima aufuate kwa macho huku jua limemkabili, na mikono yote miwili anaihitaji kudakia. Timu ya Knickerbockers ya New York ilijaribu kofia za majani makavu mwaka 1849. Kofia ya majani ina kivuli kizuri, lakini jaribu kukimbia nayo. Mwaka 1860 timu ya Excelsiors ya Brooklyn ikavaa kofia laini ya kitambaa, ya mviringo, yenye kifungo utosini na mdomo mmoja mbele. Ukiitazama kwenye picha ya zamani unaitambua mara moja kwamba ni babu wa hiyo uliyo nayo. Mdomo ulikuwa mfupi na laini. Baadaye ukarefushwa, ukatiwa kigumu ndani na kushonwa mistari mingi ili usilegee kwa jasho. Mwaka 1901 timu ya Detroit ikaweka picha ya chui-milia mwekundu mbele, na tangu hapo paji la kofia likawa mahali pa kutangaza wewe ni wa wapi.

Kwa nini mdomo mmoja mbele, na si ukingo wa kuzunguka kama pama? Mimi ningekuuliza wewe uliyemwona baba yako kazini. Muashi hutazama juu kutwa nzima: anavuta timazi, anasoma pima maji, anapokea karai la zege lililopandishwa kwa kamba. Akivaa pama, ukingo wa nyuma unagonga ukuta kila anapoinua shingo, na akiwa juu ya jukwaa upepo wa ziwani unaondoka nalo. Akifunga kitambaa kichwani, jasho linanyonywa lakini macho hayana kinga. Kapelo inabana kichwa, inakinga macho, inaacha masikio wazi asikie akiitwa, na haishikwi kwa mkono. Mchezaji wa Brooklyn na muashi wa Mwanza walikuwa na shida moja, na kofia moja ikawatosha. Ndiyo maana nashikilia kwamba kapelo ni vazi la kazi kabla haijawa vazi la fasheni, na wale wanaoivaa kazini ndio wanaoivaa kwa maana yake ya kwanza.

Hata kuigeuza nyuma, ambako baba mdogo hukuona uhuni mtupu, kulianza na kazi. Katika besiboli mdakaji wa nyuma ya mpigaji huvaa barakoa ya chuma, na mdomo wa kofia ukibaki mbele barakoa haikai, basi akaigeuza. Makuli wetu huigeuza gunia lisikae vibaya begani. Kondakta wa daladala anayening'inia mlangoni huigeuza upepo usimnyang'anye. Muislamu aliyekutwa na adhana kijiweni huigeuza ili paji la uso liguse ardhi wakati wa kusujudu. Kuna mchezaji mmoja mashuhuri wa Marekani, Ken Griffey Jr., aliyejulikana sana kwa kuigeuza nyuma, na yeye alieleza kwamba alianza utotoni kwa sababu alikuwa akivaa kofia ya baba yake, mchezaji pia, ikawa kubwa inamfunika macho. Niliposoma barua yako nilimkumbuka yeye kabla ya mwingine yeyote.

Kwa muda mrefu, huko huko Marekani, mtu mzima hakuivaa nje ya uwanja. Ukitazama picha za viwanjani za miaka ya 1930 na 1940, watazamaji wanaume wamevaa kofia za heshima za ukingo mzima, na kapelo ni ya wachezaji na watoto. Kampuni kubwa ya kofia hizi, New Era, ilianzishwa mwaka 1920 Buffalo, jimbo la New York, na mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeitwa Ehrhardt Koch, na ilianza kwa kushona kofia za kawaida za wanaume. Ilishona ya besiboli ya kwanza mwaka 1934, kwa timu ya Cleveland. Mwaka 1954 ikatoa ile ya vipande sita isiyo na kamba nyuma, inayonunuliwa kwa saizi ya kichwa, na tangu 1993 ndiyo peke yake inayovalisha timu zote za ligi kuu uwanjani.

Waliotoa kapelo uwanjani na kuipeleka mtaani ni wakulima na madereva wa malori, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi hadithi hii. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 kampuni za matrekta, mbegu na vyakula vya mifugo zilianza kugawa kofia za bure kwa wateja wao. Mbele zilikuwa za sponji, kwa sababu sponji ni rahisi na inapokea chapa vizuri. Nyuma zilikuwa za wavu wa plastiki, zipitishe hewa. Mkulima alihitaji kivuli, kampuni ilihitaji paji la uso la kuandika jina lake. Je, huioni kapelo ya kampeni hapo? Huioni ya kampuni ya saruji, ya rangi, ya mafuta ya kula, ya mtandao wa simu? Kila miaka mitano uchaguzi unapopita kwetu, vijijini unakuta kofia za kijani na njano zikipalilia mahindi mpaka rangi inaishia, na kwa jirani zetu Kenya ni rangi za huko. Anayeivaa shambani mara nyingi hasemi kitu kuhusu siasa. Anasema jua ni kali.

Baada ya wakulima wakaja vijana wa mijini na wanamuziki wa rap, na mwaka 1996 mtengenezaji filamu Spike Lee akaiomba New Era imshonee kofia ya Yankees nyekundu, rangi ambayo timu haikuwa nayo. Ikaonekana kwenye televisheni wakati wa fainali, watu wakaitaka. Kuanzia hapo NY ikashonwa pinki, kijani, ya maua na ya madoa ya kijeshi, na herufi zikaacha kuwa za timu zikawa za kila mtu. Ndiyo maana ukimsimamisha kijana yeyote Kariakoo mwenye NY kichwani ukamuuliza matokeo ya Yankees, hana habari nayo, na hana kosa.

Ilifikaje kwa baba yako? Sijui aliinunua wapi, lakini njia zilikuwa mbili. Moja ni ya dukani, na nyingi za dukani ni nakala zinazoshonwa Uchina. Nyingine ni mitumba. Kofia huja zimechambuliwa zikawekwa belo lake, zimebanwa mpaka midomo imepinda, na ukilifungua harufu ya vichwa vya watu usiowajua inakupiga usoni. Nimekuta ndani yake majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, namba za vyumba, risiti, mara moja unywele mrefu mweupe umenasa kwenye mshono. Nimeshika kofia za Montreal Expos, timu ambayo haipo tena, kwa kuwa mwaka 2005 ilihamishiwa Washington na kubadilishwa jina. Nimejifunza pia kwamba kofia inaweza kusema uongo. Kwenye fainali kubwa za Marekani huchapwa kofia na fulana za ubingwa za timu zote mbili kabla ya mchezo, ili mshindi avae pale pale. Za aliyeshindwa haziuzwi. Kwa miaka mingi ligi ya NFL, ile ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ilizitoa kwa shirika la World Vision, nalo likazipeleka nchi za mbali. Za timu ya Pittsburgh iliyoshindwa mwaka 2011 zilikwenda Zambia, Armenia, Nicaragua na Romania. Kuna mkulima wa Zambia aliyevaa ubingwa ambao haukuwahi kutokea, na kivuli chake kilikuwa cha kweli.

Ipo moja ambayo nikiikuta kwenye belo naiweka pembeni siiuzi, nayo ni ya Cleveland yenye uso mwekundu wa Mhindi Mwekundu anayecheka meno yote nje. Wenyeji wa asili wa Amerika walilalamika miaka mingi kwamba sura ile inawadhalilisha. Timu iliiondoa kwenye sare mwaka 2019, na kuanzia msimu wa 2022 ikabadilisha hata jina, ikawa Guardians. Vijana wetu huivaa bila kujua chochote, wanaona kikatuni cha kufurahisha. Mimi nimechagua kuwaambia. Mtu mweusi anayejua walivyotuchora wazee wetu kwenye makopo ya dawa ya viatu hapaswi kubeba uso wa mwenzake namna ile kwenye paji lake. Ya baba yako haina neno kama hilo, ila nimelisema kwa sababu umeuliza maana ya alama, na si kila jibu la swali hilo ni jepesi.

Wafanyabiashara wa mitumba tulipata hofu mwaka 2016, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kuipunguza hatua kwa hatua. Rwanda ndiyo iliyoshikilia kodi kubwa mpaka mwisho, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Nami niliyekula kwa mitumba nasema hivi: fundi wa kofia wa hapa hawezi kushindana na kofia iliyokwisha lipiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana mimi nashona za oda tu, zenye jina la shule au kikundi, ambazo hazipatikani kwenye belo.

Unaweza kuujua umri wa kofia yako. Igeuze utazame upande wa chini wa mdomo. Kofia za ligi kuu zilikuwa na kijani chini ya mdomo kwa miaka mingi. Miaka ya 1990 zikawa za kijivu. Kuanzia 2007, zilipoachwa za sufu na kushonwa za poliesta, zikawa nyeusi. Sufu ina vinyweleo na ikilowa inatoa harufu kama ya kondoo. Poliesta ni laini na inakauka upesi. Kisha tazama nyuma, juu ya ufunguzi au mshono: tangu 1992 zile za uwanjani zina alama ndogo ya mtu aliyeshika rungu. Hesabu mistari ya uzi kwenye mdomo, kwa kawaida ni minane. Ndani tafuta namba kama 7 1/4. Hiyo ni upana wa wastani wa kichwa kwa inchi. Kwa sentimita za mzunguko ni karibu 58, na 7 ni karibu 56. Kama ina kamba ya plastiki yenye vitundu, velkro au bakli nyuma, ni ile ya kila kichwa, na namba hutaiona. Nakala huiga haya yote siku hizi, basi usiyachukue kama hati ya mahakama. Na ikiwa ni nakala, haipungui kitu. Saruji iliyomo ni ya kweli.

Nije kwa baba mdogo wako, ambaye naomba umsikilize kwa heshima hata kama hamkubaliani. Yeye ni wa kizazi kilichoona kapelo ikiingia na vijana wa miaka ya 1990, ikivaliwa upande, darasani, mezani, mbele ya wazee. Mwanamume mzima kwake ana barakashia, au kofia ya kiua iliyotariziwa kwa mkono, au pama ya safari. Hasira yake iko kwenye adabu zaidi kuliko kwenye kitambaa, na adabu ya kofia tunayo. Mkubwa akipita, vua au walau inua unapotoa shikamoo. Msibani vua. Kanisani mwanamume anavua. Wimbo wa taifa na bendera inaposhuka jioni, vua usimame. Ofisini na benki watakuambia wenyewe uvue kamera ikuone. Ukiyashika hayo, kofia ile ile aliyoiita ya wahuni itamwonyesha ulilelewa na nani.

Mwambie pia atembee siku moja asubuhi mwalo wa Kirumba ahesabu. Atakuta mama wa dagaa kavaa kapelo juu ya kilemba, mdomo umepauka kwa jua na maji. Atakuta mlinzi wa usiku anayerudi nyumbani, ya kampuni. Mpakia mizigo ya meli. Mzee wa mashua aliyepewa na mwanawe aliyeko Dar. Hapo kapelo ni jembe la kichwani. Ng'ambo kidogo, Uganda, ipo hata ikifanya kazi yake ya asili: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

Sasa tuifue. Kabla ya tone la maji, kunjua ule mkanda wa jasho unaozunguka ndani na upitishe kidole chote. Wanaume huficha vitu pale: noti iliyokunjwa, namba ya simu ya mteja, laini, karatasi ya vipimo. Fundi muashi hasa. Chochote utakachokuta kitoe kwa kibanio, kikaushe kivulini, usikivute kama kimeganda. Piga picha pia, mbele, nyuma na ndani, ubaki na sura yake kama alivyoiacha.

Pili, saruji. Usiilowanishe ikiwa bado ni unga, maana itaganda upya ndani ya nyuzi. Ibonyeze kwa kidole ipasuke, kisha isugue kwa mswaki mkavu laini, ukielekea upande mmoja, kofia ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke nje. Madoa mengine hayatatoka yote. Ukikwangua kwa kisu utatoa na kitambaa.

Tatu, ujue mdomo una nini ndani. Gonga kwa kucha na ukunje kidogo sana pembeni. Ukilia kwa mlio mkavu na kurudi upesi, ni plastiki, maji hayaudhuru. Ukiwa mzito, bubu, na ukibaki umepinda, ni karatasi ngumu, na karatasi ikilowa inavimba na kuvunjika vipande. Hapo utasafisha mdomo kwa kitambaa kilichokamuliwa tu, usiuchovye kamwe.

Ile mistari myeupe kama ramani ni chumvi, na chumvi huyeyuka kwa maji baridi bila sabuni. Basi anza na mkanda wa jasho: uloweshe kwa maji baridi, uache robo saa, ukamue kwa kuubonyeza na taulo. Rudia mara mbili. Kisha sabuni kidogo isiyo kali, shampuu ya nywele inafaa, kwa mswaki laini, mizunguko midogo. Kwenye herufi fuata mwelekeo wa uzi wa tarizi, usiende kinyume. Suuza kwa maji baridi. Maji ya moto husinyaza sufu, na utajikuta na kofia ya mtoto. Jiki usiiguse kabisa: ikikutana na sufu inazila nyuzi zenyewe, na bluu yake haitarudi. Usiitie kwenye mashine ya kufulia, usiikamue kwa kuizungusha.

Ukimaliza, tafuta bakuli au kibuyu kinacholingana na kichwa, kifunike taulo, uivalishe hapo, unyooshe vipande sita vikae sawa na kifungo kiwe katikati. Weka kivulini penye upepo. Jua la mchana la Mwanza litaipausha upande mmoja. Itachukua siku nzima, mbili kama ni ya sufu. Kama utapenda kuacha jasho lake mahali pake usiifue kabisa, iweke kwenye mfuko wa kitambaa, si wa nailoni. Wapo walioniletea kofia za wazazi wao nami nikawashauri hivyo, nikarudisha pesa.

Jambo moja la kazi yako: usiivae chini ya helmeti. Kile kifungo cha juu kinasukuma utosi ukianguka, na mdomo unaizuia helmeti kukaa. Iweke kwenye mkoba wa kifuani, uivae ukifika kijiweni.

Na kama ni kubwa kwako, kama ilivyokuwa kwa yule mtoto wa mchezaji, usikate mshono wa nyuma. Kata kipande cha kanga kuukuu chenye upana wa vidole viwili, kikunje mara mbili, ukiingize nyuma ya mkanda wa jasho upande wa kisogo, na ushike kwa mishono mitatu ya mkono, mirefu, ya uzi mmoja. Ni kazi ya dakika kumi. Siku ukitaka irudi kwenye ukubwa wa kichwa chake, unakata uzi na kipande kinatoka bila kuacha alama.